Kuvua kamba kwa kimia ukiwa gatini Malindi

Wengi wanaonuia kujifunza kuvua kamba kwa kimia, yaani wavu wa duara unaotupwa kwa mkono, huanza kwa kutafuta wavu na mtu wa kuwafundisha kuutupa, na kwa kufanya hivyo hulitanguliza jambo la pili. Kutupa kimia ni ufundi wa mkono ambao mwenye subira huupata kwa kujizoeza uani kwake. Linaloamua kama mvuvi wa gatini atarudi na kitoweo au na ndoo tupu ni saa aliyochagua kusimama pale. Mwenye mashua humfuata kamba aliko, lakini aliye gatini hana pa kwenda, na kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kujua ni lini bahari yenyewe itampitishia kamba chini ya miguu yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuitazama gati ya Malindi. Aliye Lamu atanufaika na sehemu kubwa ya maelezo haya, ila akumbuke kwamba mkondo wa maji baina ya Lamu na Manda ni mkali na mashua hupita humo mchana kutwa. Huko ni afadhali kutafuta mahali palipotulia upande wa bara, karibu na mikoko ya Mokowe, kuliko kushindana na vyombo mbele ya mji.

Kamba na njia yake

Kamba wa ghuba ya Malindi na Ungwana ni wa aina kadhaa. Wengi ni kamba weupe, ambao wataalamu huwaita Penaeus indicus. Pamoja nao wamo kamba wenye milia, Penaeus monodon, wanaokua kuliko wenzao wote, na kamba wa rangi ya kahawia, Metapenaeus monoceros. Maisha yao hayatofautiani sana. Jike hutaga mayai baharini, mabuu huchukuliwa na mikondo hadi kwenye milango ya mito na vijito vya mikoko, hukulia humo kwa miezi michache, kisha wanapopata umbo hutoka kurudi baharini. Safari hiyo ya kutoka huifanya zaidi usiku, nayo huifanya pamoja na maji yanayopwa. Mchana, hasa maji yakiwa meupe, kamba hujifukia katika tope au mchanga, na anayetupa wavu wakati huo huambulia majani na vijisamaki.

Mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji, na mvua za masika zinapoanza kunyesha bara, maji yake mekundu huenea ghubani hadi kufika gatini. Wageni wa hotelini huyanung'unikia maji hayo, na haki yao, kwa kuwa hawakuja kuogelea katika tope. Mvuvi wa kamba huyangojea. Maji ya mto huleta chakula, humficha kamba asionwe na samaki wanaomwinda, na huwasukuma waliokulia mtoni watoke nje. Kwa hiyo miezi ya kuanzia Aprili hadi Julai ndiyo ya kutumainia. Wakati wa kaskazi, maji yanapokuwa safi hadi chini, kamba wapo, lakini mtu atupe akijua kwamba anatafuta wachache.

Kuchagua usiku na saa

Hapa ndipo pa kutumia akili nyingi. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake huchelewa kwa takriban dakika 50 siku hadi siku. Katika siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kukauka kiasi cha saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Katika siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, mkondo wake ni mnyonge, na maji ya usiku hujaa wakati ambapo watu wanakwenda kulala, hivi kwamba kupwa kwake huangukia usiku wa manane.

Ukiyaweka mambo hayo pamoja, utaona kwamba bamvua inampa mvuvi wa gatini zawadi ambayo hakuitafuta: jua linapotua, maji tayari yameanza kupwa, na giza lote la mapema, hadi saa nne au saa tano za usiku, ni la maji yanayotoka. Baina ya bamvua mbili za mwezi, mimi ninaipendelea ile ya mwandamo. Bamvua ya mwezi mpevu ina nguvu ileile ya maji, lakini mwezi huchomoza jua likitua na kumulika bahari usiku kucha, na kamba hawapandi juu kwa urahisi kama wanavyopanda katika giza. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu hahitaji chombo kingine. Usiku wa kuamkia tarehe 2 hadi wa kuamkia tarehe 5 ndio wa kutengwa kwa kazi hii.

Hata ndani ya usiku huo, saa zote si sawa. Maji yanapokuwa katikati ya kupwa huwa na mbio kubwa, na wavu uliotupwa kutoka juu ya gati huchukuliwa kabla haujafika chini, ukafunga nusu njia bila kukamata chochote. Anayeanza asijichoshe katika saa hizo. Afike mapema, atazame mkondo unaelekea wapi, achague mahali, kisha angoje saa mbili za mwisho za kupwa, maji yanapopunguza kasi na kina kinapokuwa kifupi. Wakati huo kamba waliokuwa wametawanyika hukusanyika katika njia chache zilizobaki na maji ya kutosha. Kumbuka pia kwamba upande wa gati ulio karibu na nchi kavu huishiwa maji mapema, kwa hiyo mahali pazuri pa saa kumi na mbili siyo pazuri pa saa nne.

Kumulika tochi juu ya maji kwa muda mfupi husaidia kujua kama kamba wapo, kwa sababu macho yao hung'aa kwa wekundu kama wa kaa la moto. Ukiyaona macho hayo, zima tochi na utupe. Usipoyaona, usihukumu haraka, kwani wakati wa maji ya tope huenda wakawapo wengi usiwaone hata mmoja.

Kimia chenyewe

Kimia cha mtu anayeanza kisizidi mita 2 kutoka kwenye pembe, yaani ncha yake ya juu, hadi kwenye pindo, yaani ukingo wake wa chini. Kikitanda sawasawa, wavu wa ukubwa huo hufunika kiasi cha mita 12 za mraba, na hiyo ni sehemu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wavu mkubwa zaidi hauna faida kwa mtu anayeutupa nusunusu, na kuuvuta kutoka chini hadi juu ya gati ni kazi inayokomesha mabega.

Uzito wa risasi ndio unaotofautisha wavu wa kamba na wavu wa kujichezea. Pindo la kimia cha mita 2 lina urefu wa mita 12 na nusu hivi, na linataka risasi za kilo 3 hadi 4, zilizopangwa kwa karibu na kwa usawa, ili pindo ligande chini lisiache upenyo. Penye upenyo, kamba hupiga mkia mara moja na kutoka. Kabla ya kununua, pitisha pindo lote mkononi, hatua kwa hatua, na uukatae wavu ambao risasi zake zimerundikana upande mmoja.

Kuhusu uzi, sheria haina utata: nyavu za uzi mmoja, ule unaong'aa kama wa mshipi, zimepigwa marufuku nchini Kenya. Ni kweli kwamba huzama upesi na hazionekani majini, na ni kweli kwamba huuzwa waziwazi, lakini wavu huo ukipotea unaendelea kuua samaki miaka mingi bila mwenyewe, na ukikamatwa nao utanyang'anywa. Tafuta wavu wa nailoni ya kusokotwa. Huzama polepole kidogo, na ndiyo sababu nyingine ya kutofanyia ubahili risasi.

Macho ya wavu yawe ya kiasi, yapate inchi moja yakivutwa, wala yasiwe madogo kama ya chandarua. Ghuba hii ndiyo ile ambamo meli za kukokota nyavu zilizuiwa kuvua kamba mwaka 2006, baada ya wavuvi wadogo kulalamika kwa miaka mingi kwamba nyavu zao zinaharibiwa na samaki wachanga wanatupwa wakiwa wafu. Itakuwa ajabu mtu alaumu meli mchana na usiku atupe wavu unaobeba hata vifaranga.

Vimia ni vya namna mbili. Kuna kile ambacho pindo lake limekunjwa kwa ndani na kufungwa kwa vijiuzi vifupi, likafanya mifuko ambamo kamba huingia wavu unapofunga. Na kuna kile chenye nyuzi ndefu zinazotoka pindoni, zikapita ndani ya wavu hadi kwenye pembe, ambazo zikivutwa hulikusanya pindo lote. Cha mifuko ni kizuri kwa anayetembea majini. Kwa anayevuta kwenda juu kutoka gatini, ninashauri kile cha nyuzi, kwa kuwa hufunga kabisa kabla hakijaondoka chini, na hakimwagi kilichomo kinaponing'inia hewani.

Ugwe wa mkononi uupime kwa hesabu wala si kwa kubahatisha. Jumlisha kimo cha gati juu ya maji ya kupwa, kina cha maji hayo, na masafa unayotupa, kisha uongeze mita 3. Aliyepima kimo cha gati tu maji yakiwa yamejaa, bila kuhesabu kina, hujikuta saa nne usiku akishika ncha ya ugwe huku wavu ukielea, kwa maana maji yamemshukia mita 3 na ugwe haujarefuka.

Kutupa

Jizoeze kwanza kwenye majani au mchanga, mahali pasipo mawe, mpaka wavu uanguke ukiwa duara mara nyingi kuliko usivyo duara. Wavu mpya uloweke kwanza katika maji baridi yenye sabuni kidogo usiku mzima, kwa sababu nailoni mpya ni ngumu na huwa na ukaidi wa mikunjo ya dukani.

Maelezo yanayofuata ni ya anayetumia mkono wa kulia. Vaa kitanzi cha ugwe katika kifundo cha mkono wa kushoto, kikiwa kimelegea kiasi cha kuweza kukivua ukitaka. Kusanya ugwe kwa mizunguko midogo katika mkono huohuo, kisha ushike wavu chini ya pembe yake na uukunje hadi urefu unaoning'inia ufike kiunoni mwako. Nyanyua sehemu moja ya pindo na uitundike juu ya kiwiko cha kushoto. Gawanya kilichobaki, na nusu yake uishike kwa mkono wa kulia, pindo likiwa baina ya vidole na risasi zikining'inia bila kusokotana. Wazee wengi huuma pindo kwa meno badala ya kulitundika kiwikoni, nao hutupa vizuri mno. Lakini risasi ni sumu, na jino lililong'olewa na wavu halirudi, kwa hiyo mimi siifundishi njia hiyo.

Sasa geuza kiwiliwili kushoto, rudi kulia kwa mwendo mmoja usiokatika, na uachie mkono wa kulia kwanza, kisha kiwiko, kisha mkunjo ulio katika mkono wa kushoto. Nguvu hutoka nyongani na kwenye mabega. Anayetupa kwa nguvu za mkono peke yake hupata umbo la ndizi. Kutoka gatini kuna tofauti moja kubwa na kutupa ukiwa ufuoni: wavu una njia ndefu ya kuanguka, na hiyo humaanisha kwamba hauhitaji kurushwa kwa nguvu nyingi, bali unahitaji kuondoka ukiwa bapa, sambamba na maji. Ukiutupa kuelekea juu, kama wengi wafanyavyo wakiogopa ukingo wa gati, hutanda mapema mno, hushikwa na upepo, na hufika majini umeanza kujifunga. Simama upepo ukikupiga mgongoni. Wakati wa kusi upepo ukivuma kwa nguvu, kuna usiku ambao ni bora kurudi nyumbani.

Usitupe karibu na nguzo. Nguzo za gati zimevaa chaza na makoa yanayokata kama wembe, na wavu ukizungukwa nazo hutoka na matundu ya kupitisha kichwa cha mtoto. Acha nafasi ya mita 3 au 4, na utupe upande ambao mkondo unatoka, ili wavu uchukuliwe kurudi kwako unapozama badala ya kukimbia mbali.

Kungoja na kuvuta

Wavu ulio majini unapaswa kushuka ukiwa umetanda kama kawa, pindo likitangulia pande zote. Ulegeze ugwe kabisa. Kosa la wanaoanza ni kushika ugwe ukiwa umekazika, jambo linalofunga wavu kabla ya wakati. Hesabu sekunde mbili kwa kila mita ya kina, uongeze nyingine mbili, kisha uvute kidogo kwa kidole. Ukihisi uzito uliokaa, risasi zimefika. Hapo ukaze ugwe kwa mvuto mmoja mkali ili nyuzi zikusanye pindo, na uendelee kuvuta bila kusita, mkono baada ya mkono, hadi wavu ufike gatini.

Penye maji ya zaidi ya mita 4, wavu huwa na tabia ya kujikunja unaposhuka. Wavuvi wa South Carolina, nchini Marekani, ambako kutupa kimia cha kamba ni mazoea ya watu wengi, hubandika utepe mpana unaonata kuzunguka wavu, juu kidogo ya risasi. Ukanda huo huyazuia maji yasipite, hivyo pindo husukumwa nje wavu unaposhuka. Inafaa kuigwa, mradi utepe ubandikwe wavu ukiwa mkavu kabisa, ndani na nje, ili pande mbili zinatane kupitia macho. Wavuvi hao hutumia pia vitonge vya udongo na unga wa samaki kuwavutia kamba mahali pamoja. Hapa unga wa dagaa uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi hufanya kazi ileile, lakini katika saa zile mbili za mwisho tu, kwani mkondo wa bamvua huyeyusha vitonge na kuvipeleka Mambrui au kwingineko.

Mwaga wavu ndani ya beseni, kamwe usitie mkono gizani. Wanaopanda pamoja na kamba ni wengi, na karibu na maji ya Sabaki hongwe, yaani kambare wa baharini, hawakosekani, wenye miiba ya sumu kifuani na mgongoni. Aliyechomwa atumbukize mahali penye jeraha katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kisha aende hospitali, kwa sababu ncha ya mwiba huweza kubaki ndani. Kaa mwache ajitoe mwenyewe. Kamba wachanga uwarudishe majini kabla hujaanza kuchagua wakubwa, kwa kuwa dakika chache za hewa zinawatosha kufa.

Ruhusa na barafu

Kabla ya usiku wa kwanza, mwone msimamizi wa gati na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uwaeleze unachotaka kufanya na uulize kuhusu leseni na macho ya wavu yanayokubalika. Sheria inayotawala ni ya mwaka 2016, na wao ndio wanaojua inavyotekelezwa mahali pale. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyo kusini ya mji na iliyotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kuvuliwa kwa chombo chochote. Gatini kwenyewe, wape njia wenye mashua wanaoshusha samaki. Hao wapo kwa riziki, na wewe una usiku mzima.

Kamba huharibika upesi kuliko samaki, na huanzia kichwani, ambako vimeng'enya vyake huifanya nyama iwe laini na ganda kuwa jeusi. Nenda na kasha lenye barafu iliyopondwa, kilo moja kwa kila kilo ya kamba unayotarajia, uchanganye na maji kidogo ya bahari, na uwatumbukize wakiwa hai. Wakishapoa, mwaga maji na uwapange tabaka kwa tabaka na barafu, tundu la kasha likiwa wazi ili maji yanayoyeyuka yatoke, kwani kamba aliyelala katika maji matamu hupoteza ladha. Ikiwa hutawapika usiku huohuo, wakate vichwa mara ufikapo nyumbani. Vichwa usitupe, ni mchuzi. Wavu nao usuuze kwa maji ya bomba, uutundike kivulini kwa pembe yake, na ukikauka ulipitie pindo kwa mkono, kama ulivyofanya dukani, kutafuta risasi iliyoanguka au jicho lililokatika.